Baada ya Mlipuko, Nani Anaitwa Mgeni?

Hotuba kwa wanafunzi wa uandishi wa habari na wananchi waalikwa, Mombasa

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote, na nyinyi vijana mliosimama nyuma, huku mbele viti vipo, msiogope kukaa karibu na wazee.

Mada niliyopewa ni jinsi ugaidi unavyoathiri mtazamo wa watu juu ya wahamiaji na wakimbizi. Ukiitafuta vitabuni utaletewa Paris, London na New York. Nitafika huko, ila kwa kupita tu. Sisi tuna kesi yetu wenyewe, na ni nzito: Kenya, Wasomali, na kambi za wakimbizi za Dadaab. Imedumu muda wa kutosha kuona kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba bomu likilipuka, watu huwachukia wageni. Ningekuwa naamini hivyo ningemalizia hapa, twende tukanywe chai. Lakini ukiipanga historia yetu mwaka kwa mwaka, haikai hivyo. Yapo mashambulizi makubwa yaliyopita bila wakimbizi kufukuzwa, na kipo kilipuzi kimoja ndani ya matatu kilichotosha kuwasha mtaa mzima. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba shambulio linapotokea, kinachobadilika kwanza ni hesabu ya nani ni mgeni. Na hesabu hiyo hupigwa na watu tunaowajua, wenye vyeo na vipaza sauti, katika siku chache za mwanzo.

Tuanze na kubwa kuliko yote. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye mabomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani pale Nairobi, na jingine Dar es Salaam karibu wakati uleule. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Maelfu walijeruhiwa. Wengi walipoteza macho kwa sababu walisikia kishindo cha kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama, ndipo vioo vikawarukia. Kenya haijapata pigo la kigaidi lililoua watu wengi kuliko hilo, hata leo.

Waliofanya walikuwa nani? Waliohukumiwa mahakamani New York ni pamoja na Msaudi, Mzanzibari, mzaliwa wa Lebanoni mwenye uraia wa Marekani, na Mpalestina kutoka Jordan aliyekuwa akifanya biashara ya samaki hapa hapa Pwani na kuoa kwetu. Fazul Abdullah Mohammed, aliyetafutwa mpaka alipouawa Mogadishu mwaka 2011, alikuwa Mkomoro. Kundi la wageni hasa, basi. Wenye pasipoti, waliokuja, wakapanga nyumba, wakaoza na kuoa. Kama bomu peke yake lingetosha, mwaka ule tungefunga milango yote. Serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu, na hilo lisisahaulike, lakini hasira ya wananchi wengi iliwaelekea Wamarekani wenyewe: kwa nini ubalozi ulikuwa katikati ya jiji, kwa nini wanajeshi wao walilinda vifusi vyao kabla ya watu wetu, na fidia iko wapi. Dadaab ilikuwepo tangu 1991. Hakuna waziri aliyetangaza kuifunga kwa sababu ya bomu lile.

Tanzania nayo, mwaka huohuo wa 1998, ilipitisha sheria kali ya wakimbizi. Ukisoma tarehe tu utasema, naam, ni bomu la Dar es Salaam. Hapana. Sheria ile ilitokana na mzigo wa Maziwa Makuu, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na Burundi waliomiminika Ngara na Kigoma, na wale Wanyarwanda waliorudishwa kwao Desemba 1996. Bomu halikuhusika. Nawatajia hili ili msije mkadhani kila ukali juu ya wakimbizi una gaidi nyuma yake. Nchi huchoka kwa sababu nyingine pia.

Novemba 2002 ikaja Kikambala, hapa kwetu, hoteli ya Waisraeli. Watu 13 waliuawa, kumi wao Wakenya, na baadhi walikuwa wacheza ngoma waliokuwa wakiwapokea watalii mlangoni. Waliosakwa zaidi safari hii walikuwa Waislamu wa Pwani, na wazee mliomo humu mnakumbuka misako ya usiku. Hata hivyo bado hatukusikia habari ya wakimbizi.

Basi nini kilibadilika?

Oktoba 2011 Kenya iliingiza jeshi Somalia, operesheni ya Linda Nchi. Kabla yake watalii walikuwa wametekwa Lamu, na wafanyakazi wawili wa misaada, Wahispania, wakatekwa ndani ya Dadaab kwenyewe. Mwaka uleule njaa ya Somalia ilileta watu wengi mno, hadi kambi zikakaribia nusu milioni. Kwa hiyo kwa wakati mmoja tulikuwa vitani na kundi la Kisomali, Al-Shabaab, tunapokea Wasomali kwa malaki, na Nairobi kodi za nyumba zinapanda huku watu wakinong'onezana kwamba ni pesa za maharamia wa baharini zinazonunua majumba ya Eastleigh, ule mtaa wenye Wasomali wengi. Mambo matatu hayo hayana uhusiano wa moja kwa moja. Lakini jirani yako anayeshindwa kulipa kodi hana muda wa kuyatenganisha.

Na kulikuwa na la zamani zaidi. Vijana, hili halimo sana katika vitabu vya shule, au limo kwa mistari miwili. Kumtilia shaka Mkenya Msomali hakukuanza na ujio wa Al-Shabaab. Kulikuwa na vita vya Shifta, Wasomali wa kaskazini wakitaka kujitenga na Kenya, tangu 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizobaki kaskazini kwa miaka mingi baada ya hapo. Kulikuwa na Wagalla, Februari 1984, wanaume waliokusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wajir, wakavuliwa nguo, wakauawa. Serikali ilisema 57, wenyeji wanasema mamia kwa mamia, wengine maelfu. Mwaka 1989 Wasomali wote nchini waliambiwa waende wakahakikiwe, na waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Hakuna kabila jingine lililowahi kupewa kadi ya pili ya kuthibitisha kadi ya kwanza. Kwa hiyo ugaidi ulipokuja, haukukuta karatasi tupu.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa mashambulizi ya guruneti Nairobi, Oktoba 2011, siku chache baada ya jeshi kuvuka mpaka, alikuwa kijana Mkenya kutoka magharibi mwa nchi aliyesilimu. Alikiri, akafungwa maisha. Si Msomali, si mkimbizi. Habari hiyo ilitangazwa kila mahali, kila mtu aliisikia, na haikubadilisha kitu. Novemba 2012 matatu ikalipuliwa Eastleigh, abiria wakafa. Kesho yake vijana wakaingia mitaani wakirusha mawe kwenye maduka na nyumba za Wasomali. Mwezi uliofuata serikali ikaamuru wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Polisi wakaingia Eastleigh, na shirika la Human Rights Watch likaja kuandika, mwaka 2013, kuhusu watu wasiopungua elfu moja walioteswa, kubakwa, kupigwa au kuwekwa ndani hadi watoe pesa. Watu wa Eastleigh walikuwa wakisema polisi wanawaona kama mashine za kutolea pesa. Mtu hakuulizwa kama anajua chochote kuhusu bomu. Aliulizwa ana shilingi ngapi.

Septemba 2013 likavamiwa jumba la maduka la Westgate, Nairobi, wakafa watu 67. Kisha Machi 2014 kanisa la Likoni, ng'ambo hapo, mnakumbuka yule mtoto aliyebaki na risasi kichwani. Siku chache baadaye milipuko ya Eastleigh. Aprili ikaanza operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch.

Hapa naomba nikae kidogo.

Polisi walikwenda nyumba kwa nyumba Eastleigh na South C, wakawakamata watu takriban 4,000. Vituo vya polisi vikajaa mpaka watu wakalala wamesimama. Wakapelekwa uwanja wa Kasarani, ambao ukatangazwa kuwa kituo cha polisi. Uwanja wa mpira! Mamia wakapandishwa ndege kwenda Mogadishu, maelfu wakapakiwa mabasi kwenda Dadaab na kambi ya Kakuma kule Turkana, wengine wakitenganishwa na watoto wao. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, iliichunguza operesheni ile na kueleza hongo, msongamano na ukamataji uliolenga kabila. Waliokamatwa walikuwemo wakimbizi wenye hati za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wahamiaji wasio na vibali, na Wakenya. Mkenya Msomali alitoa kitambulisho, askari akakigeuza mara mbili na kumwambia ni bandia, au amtajie chifu wa kijiji chake cha asili, au amtoe babu kaburini aje atoe ushahidi. Asiye na jibu la kumridhisha askari alitoa kitu kidogo.

Kilichonishtua wakati ule hakikuwa polisi. Polisi wetu tunawajua. Ni simu zilizopigwa kwenye vipindi vya asubuhi vya redio. Watu wa kawaida, mama mwenye kibanda, dereva wa teksi, wakisema wapelekwe tu, wote, tutapumua. Na wengi wao waliongeza jambo ambalo halikuhusu bomu hata kidogo: wamenunua mtaa mzima, hawaoi kwetu, biashara zao hazilipi kodi. Hofu ilikuwa ya kweli, sitaki kuidharau, watu walikuwa wakiogopa kupanda matatu. Ila hofu ilibeba na mizigo mingine iliyokuwa imesubiri usafiri.

Wale watafiti wa Ulaya wamewahi kukamata kitu kinachofanana na hicho. Oktoba 2002, wakati uchunguzi mkubwa wa maoni ukiendelea katika nchi nyingi za Ulaya, mabomu yakalipuka Bali, Indonesia, yakaua watu 202. Kwa hiyo baadhi walikuwa wamehojiwa kabla, wengine baada. Joscha Legewie alilinganisha makundi hayo na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Ureno, Poland na Finland, mtazamo juu ya wahamiaji ulikuwa mbaya zaidi baada ya Bali. Nchi nyingine mabadiliko hayakuonekana wazi. Na athari ilitegemea ajira zinakwendaje mahali pale, na kama mtu ana wahamiaji miongoni mwa marafiki na wafanyakazi wenzake. Bomu moja, habari moja ya televisheni, na bado nchi hii ikatetereka, ile isitetereke.

Hispania ndiyo inayonifurahisha zaidi. Machi 2004 mabomu kwenye treni za Madrid yaliua zaidi ya watu 190, na wengi wa waliofanya walikuwa Wamoroko waliokuwa wakiishi hapohapo. Yaani wahamiaji kabisa. Lakini serikali ya wakati ule iliharakisha kuwasingizia ETA, kundi la Wabaski waliotaka kujitenga na Hispania, watu wakaona wanadanganywa, na hasira ikaiendea serikali. Ikaanguka kwenye uchaguzi siku tatu baadaye. Mwaka uliofuata serikali mpya ikawapa vibali wahamiaji zaidi ya nusu milioni waliokuwa wakifanya kazi bila karatasi. Mwaka mmoja tu baada ya Madrid! Na Norway, Julai 2011, alipoua watu 77 Mnorwe mwenyewe aliyewachukia wahamiaji, watafiti walikuta mtazamo wa Wanorwe kwa wahamiaji ukilainika kidogo baada ya hapo.

Paris, Novemba 2015, mambo yakaenda upande mwingine. Watu 130 waliuawa. Wengi wa washambuliaji walikuwa raia wa Ufaransa na Ubelgiji, lakini karibu na mmoja wao ikaokotwa pasipoti ya Syria. Pasipoti hiyo ikasafiri kuliko mwenyewe. Ndani ya wiki moja magavana zaidi ya ishirini na tano wa Marekani wakasema hawataki wakimbizi wa Syria. Mwezi uliofuata Donald Trump, akiwa bado anatafuta kura, akataka Waislamu wasiingie nchini. Januari 2017 akatia saini amri ya kuzuia watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo, na hapo likatufikia sisi: wakimbizi wa Dadaab waliokuwa wamemaliza kila uhakiki, wameshafika Nairobi kusubiri ndege, wakarudishwa kambini. Mtu aliuza godoro na sufuria, akawaaga majirani, akarudi kulala chini kwa sababu ya karatasi iliyookotwa Paris.

Turudi nyumbani. Garissa.

Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148, wengi wanafunzi, waliotenganishwa kwa dini kisha wakapigwa risasi. Naibu Rais wa wakati ule, William Ruto, hazikupita siku kumi akaipa UNHCR miezi mitatu kuondoa Dadaab, ama serikali iiondoe yenyewe, akasema Kenya itabadilika baada ya Garissa kama Marekani ilivyobadilika baada ya Septemba 11. Likatangazwa na wazo la kujenga ukuta mpakani.

Lakini kabla ya kauli hiyo, serikali yenyewe ilikuwa imeshamtambulisha mmoja wa wauaji. Kijana aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Na baba yake, chifu, alikuwa ameripoti kwa wakubwa wa serikali kwamba mwanawe amepotea na anahofia amekwenda Somalia. Fikirini hilo. Mzazi Msomali, mtumishi wa serikali, alitoa taarifa. Aliyetuhumiwa kupanga shambulio naye alikuwa Mkenya, aliyewahi kufundisha madrasa Garissa mjini. Dadaab iko kilomita takriban mia moja kutoka hapo, ina watu zaidi ya laki tatu, na ikawa ndiyo jibu.

Wapo watakaoniuliza, na wana haki: kwani Dadaab ni safi? Silaha hazikupita? Sitawadanganya. Al-Shabaab ni kundi la Somalia, mpaka ule ni mrefu na haulindiki kirahisi, na mahali penye watu wengi kama Dadaab huwezi kusema hapakuwahi kulala mtu mbaya. Westgate, mmoja wa wavamizi alikuwa mzaliwa wa Somalia mwenye uraia wa Norway. Serikali ina wajibu wa kujua nani anaingia. Mimi ninachokataa ni kwamba kumhamisha bibi anayechota maji Ifo, moja ya kambi za Dadaab, kunampunguzia Mkenya hatari, wakati aliyehitimu sheria Nairobi hakuwahi kuwa mkimbizi siku hata moja.

Mkitaka kuona jinsi hesabu hii inavyopigwa, wekeni Garissa kando ya Dusit. Januari 2019, hoteli ya DusitD2, watu 21 waliuawa. Aliyetajwa kuwa kiongozi wa washambuliaji alikuwa kijana mwenye jina la Mlima Kenya, aliyelelewa Isiolo, baba yake mwanajeshi wa Kenya. Aliyejilipua alikuwa mtoto wa Mombasa. Je, kuna aliyependekeza watu wa Mlima Kenya wakusanywe Kasarani? Kuna aliyemsimamisha mwanafunzi Mmeru pale Nairobi akamwambia ataje chifu wake? La. Tulisema vijana wanapotoshwa, tukazungumzia malezi na intaneti. Na mwezi uliofuata serikali ikaiandikia UNHCR barua nyingine ya kutaka Dadaab ifungwe.

Nanyi Wapwani msitabasamu, maana zamu yenu inakuja.

Juni 2014, Mpeketoni, Lamu, waliuawa watu zaidi ya sitini kwa usiku mmoja na siku zilizofuata. Al-Shabaab walikiri, na katika maneno yao wakaingiza suala la ardhi ya Waislamu iliyochukuliwa. Walijua wanachokifanya. Mpeketoni ni makazi ya watu waliotoka bara, waliopewa ardhi enzi za Kenyatta wa kwanza, na hapa Pwani kwa miaka nenda rudi mtu wa bara ameitwa mgeni hata kama bibi yake amezikwa Lamu. Wangapi humu mliposikia habari ile mlisema maskini, halafu mkaongeza "lakini"? Ile "lakini" ndiyo Al-Shabaab waliyoifuata kutoka mbali. Gaidi hahitaji mpaka wa nchi ili ampate mgeni. Kila mahali mlipo na "hawa si wa hapa", yeye ana kazi ya kufanya.

Kule Mandera waligeuza upande wa pili. Novemba 2014 basi lilisimamishwa, wasio Waislamu wakashushwa, 28 wakauawa, wengi walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku chache baadaye wachimba mawe 36. Walimu kutoka bara wakakataa kurudi kaskazini, na nani angewalaumu? Shule zikabaki na watoto na ubao. Hao ni Wakenya waliokuwa wakifanya kazi ndani ya Kenya, na kwa muda wakawa wahamiaji wanaokimbia, wamekaa nje ya ofisi za tume ya walimu Nairobi wakiomba uhamisho.

Mwaka uliofuata, Desemba 2015, washambuliaji wakajaribu tena, basi la kampuni ya Makka, karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu wakakataa kutengana na wenzao. Wanawake wakawafunika Wakristo kwa mitandio yao, na watu wakawaambia wenye bunduki waueni wote au waacheni wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafa mwezi uliofuata hospitalini. Nawaambia nyinyi wanafunzi: habari hii iliandikwa sana, ikasifiwa duniani, na serikali ikampa marehemu nishani. Lakini nendeni kwenye kumbukumbu za magazeti mtafute ni makala ngapi zilizouliza kama abiria wa basi lile wote walikuwa na vitambulisho vya taifa. Huko Mandera wapo wengi wa umri wenu ambao hawana.

Hapo ndipo kazi yenu inapoingia. Shambulio linapotokea, kwa saa ishirini na nne za kwanza hakuna anayejua kitu, na gazeti haliwezi kutoka tupu. Atakayejaza nafasi ile ni msemaji wa serikali, mbunge aliye karibu na simu, na mtu mmoja anayeitwa mtaalamu wa usalama. Wao ndio watakaosema "wageni haramu" kabla maiti hazijatambuliwa. Nimefanya kazi hii muda mrefu na najua jinsi ilivyo vigumu kumwambia mhariri saa tatu usiku kwamba taifa la mshambuliaji bado halijathibitishwa. Mwambieni hivyo hivyo. Na siku ya tano au ya sita jina la kweli likitoka, lipeni nafasi ileile ya ukurasa wa kwanza, si aya ya chini ukurasa wa kumi na nne.

Mahakama zetu, kwa kiasi fulani, zimefanya vizuri kuliko vyumba vyetu vya habari. Julai 2013 Mahakama Kuu ilifuta amri ya kuwapeleka wakimbizi wa mijini kambini. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikairuhusu amri mpya inayofanana nayo, kwa hiyo tusiwapigie makofi mengi mno. Februari 2015 kikafutwa kipengele kilichotaka Kenya isiwe na wakimbizi zaidi ya 150,000. Mei 2016 serikali ikavunja idara ya wakimbizi na kutangaza Dadaab inafungwa. Februari 2017 Jaji John Mativo akasema kuifunga vile ni kinyume cha katiba na ni kuwabagua Wasomali. Mwaka 2021 tangazo likaja tena, safari hii na Kakuma, ambako Wasudan Kusini ni wengi na hakuna aliyewahi kuwahusisha na bomu lolote. Mnaona jinsi sababu ilivyoondoka, amri ikabaki? Hofu ya watu hupanda na kushuka, lakini daftari la wizarani halishuki lenyewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dadaab siku ya tatu ilipita zaidi ya miaka thelathini iliyopita na jembe hatujatoa. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kibali cha kazi ni ndoto, halafu tunalalamika wanakula tu chakula cha msaada. Sheria mpya ya wakimbizi ya 2021 imefungua mlango kidogo, na Machi 2025 ukazinduliwa mpango uitwao Shirika wa kugeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Kenya sasa ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Pesa za wafadhili zinapungua, na watu wa Garissa na Turkana wana maswali yao ya haki kabisa kuhusu ardhi na maji. Mimi nautazama mpango ule kwa matumaini na kwa jicho moja wazi. Guruneti moja Nairobi wiki ijayo, na tutajua kama unasimama.

La mwisho, kwa sababu naona mwenyekiti anatazama saa. Februari 2025 Rais Ruto, yule yule wa miezi mitatu ya Dadaab, alikwenda Wajir akafuta uhakiki wa ziada ambao watu wa kaunti za mpakani walikuwa wakifanyiwa kabla ya kupewa kitambulisho. Wako waliopinga kwa sauti kubwa, wakasema mlango umefunguliwa kwa magaidi. Wako waliosema ni kura za 2027. Huenda wote wana hoja. Lakini lipo kundi ambalo hata amri ile haikuwagusa vizuri: Wakenya wa Garissa na jirani zake ambao miaka ya ukame wazazi wao waliwaandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate unga. Alama za vidole zikachukuliwa. Mtoto amekua, amefika miaka kumi na minane, anakwenda kuomba kitambulisho, kompyuta inasema wewe ni mkimbizi. Si raia kwa Kenya, si raia kwa Somalia, hawezi kufungua akaunti, kusajili laini ya simu, wala kupanda basi la Nairobi akapita vizuizi. Ni maelfu, na kesi yao imefika Mahakama Kuu ya Garissa. Hakuna aliyewatuhumu kwa ugaidi. Ni kwamba tu nchi ilipokuwa ikihesabu wageni kwa hofu, iliwahesabu na wao, na mpaka leo inawafuta mmoja mmoja.

Nimemaliza upande wangu. Maswali, tafadhali, tuanze na akina dada waliokaa hapa kulia, halafu mzee wa kofia ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipoitaja Mpeketoni. Namwona ana lake la kuniambia.